Vibao Vilivyotazama Ukuta: Maisha ya Zalfa Wadih Abi Nakhle

Kaeni kidogo kabla jeneza halijainuliwa. Haya ni maisha ya Zalfa Wadih Abi Nakhle, mchoraji, binti wa kijiji hiki cha Kfar Zabrin, aliyeishi miaka thelathini na minane, mwezi mmoja na siku kumi na tano. Yameandikwa na mama yake, Adla, ambaye aliacha shule darasa la tano, na yanasomwa na mjomba wake, Nasri. Mjomba ameombwa asiruke mstari hata mmoja, wala asishushe sauti.

Jambo moja litangulie. Mwezi Desemba 2022, mbele ya Padri Butros na mjomba huyu huyu, Zalfa alisema kaka yake Faris asiliguse jeneza lake. Kijiji kizima kinalijua neno hilo na kinajua sababu yake, au kinadhani kinaijua. Ndiyo maana sasa hivi Faris yuko nje, kwenye ukuta wa kisima, na mlipoingia mlimpita bila kumpa mkono. Mama yake ana la kusema kuhusu sababu hiyo. Atalisema mahali pake, kwa kuwa halieleweki mpaka mtu ajue jinsi Zalfa alivyofanya kazi yake kila siku.

Zalfa alizaliwa Jumatatu, tarehe 3 Machi 1986, nyumbani, theluji ikiwa imefunga barabara kwa siku ya nne. Alikuwa mtoto wa pili wa Wadih, mwashi wa mawe, na Adla. Faris alimtangulia kwa miaka miwili. Mkunga, marehemu Bi Warde, alikuja kwa miguu, amejifunga magunia hadi magotini. Alipomwinua mtoto alisema, "Huyu macho yake makavu kama ya paka. Fungeni pazia, weupe wa nje usije ukamharibu." Pazia likafungwa. Mtoto akalia mpaka koo likakauka. Wadih akalifungua kidogo tu achungulie kama kuna njia ya kwenda kutafuta maziwa, na mtoto akanyamaza. Ng'ambo ya bonde ulikuwa umelala mlima Hardun, wenye umbo la mjusi, mgongo wake umefunikwa theluji. Bi Warde alisimulia kisa hicho mpaka alipokufa, na kila mwaka alikiongezea kidogo. Mama yake hajakiongezea kitu.

Alisoma kwa watawa hapa kijijini kuanzia 1991. Mwaka huo huo alirudishwa nyumbani kwa kuchora kwa mkaa kwenye ukuta wa kanisa dogo uliokuwa umepakwa chokaa siku ile ile. Mtawa mkuu alimwuliza, "Nini hii, wewe mtoto?" Akajibu, "Hardun. Ameingia ndani kwa sababu ya baridi." Sekondari aliimalizia Zahle mwaka 2004, kisha akaenda Beirut kwenye chuo cha sanaa, akahitimu Juni 2008. Mwalimu wake, Ustadh Kaysar Mdawar, ambaye leo yuko hapa safu ya pili, alimwandikia kwenye cheti kwamba ana jicho zuri na haraka mbaya.

Kiangazi hicho cha 2008 alirudi na kitambaa kikubwa cha kuchorea, akakinyoosha kwenye fremu, akakipaka rangi nyeupe mara mbili na kukipandisha juu ya paa bapa la nyumba kikauke. Ilikuwa Agosti, wiki ya kuanika kishk ya supu. Mama yake alipanda na beseni la mtindi uliochanganywa na ngano, akaona kitambaa cheupe, safi, kimenyooshwa vizuri kuliko shuka lolote la nyumba ile. Akamshukuru Mungu na kutandaza.

"Mama! Umeanika kishk juu ya picha yangu!"

"Picha iko wapi? Mimi naona kitambaa cheupe."

"Ndiyo, bado sijaichora!"

"Basi kishk imewahi foleni, mwanangu. Ungeandika jina."

Faris alicheka mpaka akakaa chini. Majira yale yote ya baridi supu ya nyumba ile ilinukia gundi, na kila mgeni aliyekunja uso Zalfa alimwambia, "Kunywa tu, hiyo ni sanaa." Mama yake alidhani kisa kile kimeisha kwa kicheko. Tangu siku ile alipaswa kujua kwamba yeye, Adla, hajui kutofautisha kati ya kitu kilichoachwa na kitu kinachosubiri.

Wadih alifariki Februari 2009. Zalfa akaacha kazi kwenye kiwanda cha uchapaji Beirut, akarudi kukaa na mama yake. Aliomba apewe chumba cha juu, kile ambacho babu zake walifugia viwavi wa hariri, chenye madirisha mapana upande wa bonde. Alifagia kinyesi cha popo kwa siku tatu. Tarehe 12 Oktoba 2009, Jumatatu, akachora kibao cha kwanza.

Kuanzia siku hiyo maisha yake yalikuwa na mpangilio, na asiyeujua mpangilio huo hakumjua Zalfa. Aliamka kabla ya kengele ya kanisa. Alichemsha kahawa, akanywa kikombe kimoja, cha pili akakipeleka juu kikapoe pembeni yake. Alifungua dirisha hata kama nje kuna barafu, kwa sababu alisema kioo kinasema uongo. Alichukua kibao cha plaiwudi, kikubwa kama ubao wa kukatia mkate, akauchora mlima Hardun mpaka kivuli cha mwamba wa juu kilipofika kwenye chemchemi. Hapo aliacha, hata kama picha haijaisha. Kisha aliandika nyuma ya kibao: tarehe, saa, upepo unatoka wapi. Baada ya hapo alikigeuza, akakiegemeza, uso wa picha ukitazama ukuta. Siku mbili kwa wiki alifundisha kuchora kwa watawa. Siku nyingine alisafisha brashi, alipika gundi, alisoma. Jioni hakuchora. Hakuchora kitu kingine ila Hardun.

Majirani walimhurumia mama yake. "Mama Faris, mlima si ni ule ule? Jana aliuchora, leo ameusahau?" Mama Faris alijibu kwamba hata wao jana walikula na leo wamekula. Lakini moyoni aliogopa. Mama mwenye binti hodari anaogopa mambo mengi, na moja ni kwamba labda binti si hodari.

Miaka ya kwanza mlima ule ulikuwa mzuri kama mfuniko wa kasha la peremende. Ulikuwa na mapaa mekundu, mnara wa kanisa, na mbuzi mmoja ambaye hakuwapo. Mwaka wa pili mbuzi aliondoka. Mwaka wa tatu mapaa yakaondoka. Mwaka 2013 Ustadh Kaysar alikuja kutembea, akapewa chumba kizima akikague, akageuza kibao kimoja kimoja kutoka ukutani kwa muda wa mchana mzima. Alikuwa akiguna tu. Mwishoni akashika kimoja ambacho nusu yake ilikuwa mbao tupu.

"Hiki je?"

"Hicho hakikuisha, Ustadh. Mvua ilianza, mama akaniita tuanue nguo."

"Basi huyu aliyeitwa akaanue nguo ndiye mchoraji," akasema. "Huyu mwingine aliyevimaliza vyote hivi anauza kadi za posta. Mama Faris, uwe unamwita kila siku."

Zalfa alikasirika wiki nzima, kisha akaanza kupunguza. Kutoka rangi kumi na moja alibaki na nne: nyeupe, njano ya udongo, nyekundu ya kutu, na nyeusi. Jirani mmoja alimletea tyubu ya bluu kama sadaka, akidhani mtoto wa watu ameishiwa. Zalfa alimpandisha mama yake juu, akamwonyesha kivuli cha bonde kwenye kibao. Kilikuwa cha bluu kabisa. "Hiyo ni nyeusi na nyeupe tu, mama. Njano iliyo jirani yake ndiyo inayoifanya ionekane bluu. Ukiiondoa njano, inarudi kuwa majivu." Mama yake alitazama sana. Hajui kueleza picha, lakini siku ile alijua kwamba binti yake amefika mahali ambapo yeye hawezi kumfuata, na kwamba ni mahali pa kweli.

Kuhusu ndoa: alichumbiwa Juni 2012 na Ghattas Nammur, mfamasia, mtu mpole ambaye familia hii haina neno baya juu yake. Mwaka 2015 Ghattas alipata karatasi za kwenda Kanada. Alimwambia Zalfa kule pia kuna milima. Zalfa alimjibu, "Najua. Lakini wa kule nikiutazama asubuhi sitajua jana ulikuwaje." Pete ilirudishwa kwa heshima. Ndiyo maana leo jeneza ni jeupe kama la bibi arusi, na ndiyo maana mchele uliotupwa kutoka roshani asubuhi hii ulikuwa ule wa arusi ambao mama yake aliuweka tangu 2012.

Machimbo ya mawe yalianza kwenye shingo ya Hardun mwezi Machi 2014. Wengi wenu mtasema yalianza baadaye, kwa sababu hamkuwa mkitazama. Kwenye vibao lilianza doa la njano dogo kama punje ya dengu. Baada ya mwaka likawa kama ukucha. Mwaka 2016 mjusi hakuwa tena na shingo. Zalfa alichora kila alichokiona, na siku moja alimwita mama yake akiwa analia.

"Lile jeraha lina rangi nzuri kuliko mlima wote, mama. Jiwe jipya, jua likilipiga, kama asali. Asubuhi nikiliona nafurahi. Nina aibu."

Kazi yake ilikua zaidi katika miaka hiyo kuliko yote iliyotangulia. Mlima ulivyozidi kuliwa ndivyo mkono wake ulivyozidi kunyooka. Mama yake anaandika hivyo kwa uchungu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka huo wa 2016 Faris alianza kuendesha lori la machimbo. Alikuwa na mke na watoto wawili, na kijijini hapakuwa na ajira nyingine. Jumapili moja, mezani, Zalfa alimwambia, "Unaukata mlima wangu, Faris."

"Wako? Uliununua lini? Mimi nina watoto wawili, wewe una vibao."

"Chemchemi ikikauka watoto wako watakunywa nini?"

"Watakunywa rangi zako. Si ulisema supu yenye gundi ni sanaa?"

Zalfa alicheka akiwa hataki, akamwongezea majani ya mizabibu yaliyojazwa wali kwenye sahani. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakigombana. Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi lori lile lile lilisimama nje ya mlango wa mama yao, Faris akateremsha plaiwudi aliyoikata mwenyewe kwa kipimo cha dada yake, akaiacha barazani na kuondoka bila kugonga. Mmesikia vizuri. Kila kibao ambacho Zalfa alikichora, kutoka 2016 mpaka 2022, kilikatwa na Faris.

Kikohozi kilianza majira ya baridi ya 2021. Daktari alisema mapafu yamekakamaa kama ngozi iliyokaushwa. Alipoulizwa kama ni vumbi, alisema huenda. Miaka saba mtu anakaa mbele ya dirisha lililo wazi kila asubuhi, ng'ambo yake mashine inasaga kokoto, na daktari anasema huenda.

Wakati huo kamati ya kijiji ilikuwa imewashtaki wenye machimbo kwamba wamevuka mpaka wa chemchemi. Wenye machimbo walisema hawajavuka kamwe, sehemu ile ilikuwa imebomoka yenyewe zamani. Juni 2022 mwanasheria wa kamati, Bi Hoda Shalhoub, alipanda chumba cha juu, akajifungia humo pamoja na Zalfa kwa saa tatu. Zalfa alimwambia mama yake, "Picha zangu zinakwenda mahakamani, mama. Oktoba." Mama yake alijivuna. Hakuuliza ni zipi.

Sasa tumefika mahali pake.

Katika chumba kile palikuwa na aina mbili za picha. Kwenye rafu, zikitazama watu, zilikuwepo arobaini na moja, zile nzuri zenye mapaa na mnara, ambazo Zalfa alizichora pembeni, bila tarehe, za kuwauzia wageni wa kiangazi. Na chini, kuzunguka kuta zote nne, safu juu ya safu, vilikuwepo vibao vilivyotazama ukuta. Katika nyumba hii picha iliyogeuziwa ukuta ina maana moja. Mwaka 1958 baba mkwe wa Adla aliigeuza picha ya kaka yake aliyewauzia wageni shamba la mizeituni, na haikugeuzwa tena mpaka wote wawili walipozikwa. Adla aliolewa akaikuta hivyo, akaifuta vumbi kwa nyuma miaka mingi. Kwa hiyo kila alipoingia na kahawa na kuona safu zile, alifahamu kwamba hizo ndizo kazi ambazo binti yake anazionea aibu. Hakuuliza. Aliona kuuliza ni kumfunua mtu kidonda.

Septemba 2022 Zalfa alilazwa siku kumi na moja katika hospitali ya Beirut. Daktari alimwambia mama yake kwamba mgonjwa akirudi asikute vumbi wala harufu ya tapentaini. Adla alirudi nyumbani na hofu yake. Alichukua zile arobaini na moja za kwenye rafu, akazifunga katika mashuka ya arusi ya Zalfa ambayo hayakuwahi kutandikwa, akazifungia kabatini na ufunguo akautia kifuani, kwa ajili ya mahakama. Kisha Jumanne, tarehe 13, mkesha wa Sikukuu ya Msalaba, vijana wa parokia walipita na pikapu wakikusanya kuni za moto, kama kila mwaka, kila nyumba inatoa ilichonacho. Kijana mmoja aliuliza kutoka chini, "Mama Faris, una ubao wowote mkavu?"

Adla alisema, "Njooni juu."

Walibeba safari mbili. Vilikuwa karibu elfu nne. Aliwasaidia kwa mikono yake mwenyewe. Kimoja kilianguka uso juu, akauona mlima wenye jeraha la njano, akasema moyoni, maskini, hiki kweli hakikumpendeza. Kisha akaosha sakafu kwa sabuni na maji ya ndimu, akafungua madirisha.

Moto uliwashwa kilimani baada ya ibada ya jioni. Faris alipita akitoka zamu. Alivitambua vibao kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa yeye ndiye aliyevikata. Aliingiza mkono wa kushoto katika moto, akatoa kimoja. Walioinua macho wakati ule walimwona dereva wa machimbo mbele ya moto, kibao cha dada yake mkononi, na vingine vinaungua. Wakaunganisha wenyewe. Kufikia asubuhi kijiji kizima kilikuwa kinasema mwenye machimbo amemlipa Faris achome ushahidi. Vijana wale walijua vibao vilitoka wapi, lakini walidhani Faris ndiye aliyemtuma mama yake. Na mkono ulipopona na makovu, mlisema Mungu amemtia alama.

Faris alikuja nyumbani usiku ule ule, mkono umefungwa kwa leso.

"Mama, ni nani aliyevitoa?"

Adla alipomjibu, Faris hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale mlangoni.

"Mama, zile ndizo zilizokuwa za mahakama. Zina tarehe nyuma."

"Zilikuwa zimegeuziwa ukuta, mwanangu."

"Najua, mama."

"Nitamwambia akirudi."

"Usimwambie. Sikiliza. Mimi ameshanichoka siku nyingi. Wewe ndiye unayemlisha, ndiye unayemwogesha. Akikukataa wewe, atakubali mkono wa nani? Acha iwe mimi."

"Atakuchukia."

"Atanichukia akiwa hai," Faris alisema.

Adla alinyamaza. Alisema moyoni, kwa wiki moja tu, mpaka apate nguvu. Ilikuwa mwaka mmoja, miezi saba na siku tano.

Zalfa alirudi tarehe 19. Alisimama katikati ya chumba. Pale safu zilipokuwa, chokaa ya ukuta ilikuwa nyeupe kuliko kwingine, mistari kuzunguka chumba chote. Alikwisha kusikia barabarani. Akasema, "Faris amenichomea mlima," na mama yake akampa maji. Oktoba mahakama ilitazama zile arobaini na moja, zenye mapaa na mnara, zisizo na tarehe wala jeraha, ikasema hakuna ushahidi. Bi Hoda ndiye aliyemweleza Adla, wakiwa kwenye ngazi za mahakama, kwa nini Zalfa aligeuza vibao: ili asubuhi inayofuata jicho lake lisiinakili picha ya jana, lianze na mlima wenyewe. Alivigeuza vile alivyovitegemea. Za rafuni hakuzigeuza kwa kuwa hakujali kama zitamdanganya.

Desemba alisema lile neno kuhusu jeneza. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya wali. Aliisikia kila silabi, na akasema, "Kula, mama'ngu, wali utapoa."

Baada ya hapo Zalfa alianza upya. Kibao cha kwanza, tarehe, saa, upepo. Plaiwudi iliendelea kuonekana barazani kila Jumamosi ya kwanza; aliambiwa inatoka kwa seremala, na hakuuliza ni seremala yupi. Alichora akiwa na mtungi wa oksijeni pembeni, mwanzo amesimama, kisha kitini, kisha kwenye kitanda kilichosogezwa dirishani. Vipo mia nne na thelathini na viwili. Ustadh Kaysar amevitazama, naye anasema ndivyo vilivyo bora kuliko vyote alivyowahi kuviona, na anajua anachosema. Mlima ndani yake ni mistari michache na hewa nyingi. Jambo moja lilibadilika. Hakugeuza tena hata kimoja. Vyote viliachwa vikitazama chumba. Mama yake alipouliza, kwa mara ya kwanza maishani alipouliza, Zalfa alimtazama kwa muda mrefu, akasema, "Ili mtu asikosee."

Mama yake hajui kama alijua. Ameliwaza neno hilo kila siku. Kama alijua, alimwacha mama yake abebe uongo wake bila kumwondolea hata kidogo. Kama hakujua, amekwenda akimchukia asiyestahili. Adla hawezi kuchagua kati ya hayo mawili, na hastahili mtu amchagulie.

Kibao cha mwisho ni cha Jumapili, tarehe 14 Aprili 2024. Mbele kuna njano ya udongo na nyeupe tu, imepakwa kwa upana wa brashi. Nyuma ameandika saa kumi na mbili na robo asubuhi, upepo wa mashariki, vumbi, siuoni. Alifariki Alhamisi, tarehe 18, saa tano asubuhi, wakati kivuli kilipofika mahali ilipokuwa chemchemi. Mama yake alikuwa ameushika mguu wake.

Picha iliyo kwenye jalada la karatasi mliyoishika ni ya tarehe 6 Mei 2011. Imeungua pembe moja. Mahakamani isingefaa kitu, maana ilichorwa kabla ya machimbo. Mjusi ana shingo yake, na upepo, kama ilivyoandikwa nyuma, ulikuwa wa baharini. Ni kile kibao ambacho Faris alikitoa motoni. Alikiweka chini ya kiti cha lori mpaka juzi, alipokileta na kukiacha barazani bila kugonga.

Zalfa ameacha mama, Adla, mjomba, Nasri, wifi, Rola, mke wa Faris, watoto wa kaka yake, Tony na Clara, ambao mpaka leo hawajaingia chumba cha juu, wanafunzi wake kwa watawa, na kaka mmoja, Faris, ambaye hakuchoma kitu. Ghattas ametuma salamu kutoka Kanada. Vibao mia nne na thelathini na viwili haviuzwi.

Zalfa alisema neno lake juu ya jeneza kwa kuwa mama yake alinyamaza. Neno lililojengwa juu ya ukimya huo mama yake analivunja leo, mbele ya padri yule yule, na dhambi ya kulivunja ni yake peke yake. Wabebaji watano wamekwisha pangwa. Upande wa kichwa, kushoto, pameachwa wazi kwa mkono wenye makovu. Nasri asiikunje karatasi hii. Walio karibu na mlango waufungue. Zalfa na apumzike kwa amani, na asiinuliwe mpaka Faris aingie.